Sio Korona Peke Yake: Bifu la Mkwanja Lililochelewesha Besiboli Marekani 2020

Ukimuuliza mtu kwa nini ligi kubwa ya besiboli Marekani, MLB, ilichelewa kuanza mwaka 2020, atakujibu fasta: korona. Yuko sawa, ila nusu tu. Korona ndiyo iliyofunga viwanja, lakini wiki nyingi kabla havijafunguliwa ziliishia kwenye kugombania hela.

Twende taratibu. Tarehe 12 Machi 2020, siku moja tu baada ya ligi ya kikapu NBA kusimama, MLB nayo ikasitisha mechi za maandalizi. Msimu ulitakiwa uanze 26 Machi. Siku ilipofika hakukuwa na mechi, ila mabosi wa ligi na chama cha wachezaji walifikia makubaliano. Wachezaji wapewe advansi ya dola milioni 170, na mishahara ilipwe kulingana na idadi ya mechi zitakazochezwa. Kwa kawaida kila timu inacheza mechi 162. Zikichezwa nusu, unachukua nusu. Simpo.

Kasheshe likaanza pale ilipojulikana kwamba mechi zitachezwa bila mashabiki. Wamiliki wa timu wakasema hakuna kiingilio, hakuna mauzo ya bia, hakuna hela ya paking, kwa hiyo wachezaji wakubali kukatwa tena. Wachezaji wakagoma. Hoja yao: tumeshakatwa mara moja, na sisi ndio tutakaoingia uwanjani na kurudi nyumbani na virusi kwa wake na watoto.

Mrushaji mmoja staa wa Tampa Bay alifunguka akiwa live mtandaoni, kwamba hachezi kwa mshahara uliokatwa zaidi huku hatari ya afya imepanda. Watu wakamwashia moto, maana kipindi hicho mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamepoteza kazi. Ila wapo waliomuelewa. Sio kila mchezaji ana mamilioni ya kumwaga. Kima cha chini cha mwaka huo kilikuwa dola 563,500, na kwa mechi 60 kinashuka hadi dola 208,000 na ushee. Bado ni mpunga, hakuna anayebisha, lakini wengi wao hawadumu miaka mingi kwenye ligi.

Sasa kwa nini hawakuaminiana? Hapo lazima urudi nyuma.

Mwaka 1918 dunia ilikuwa vitani na homa kali ya mafua ilikuwa inaanza kuua watu. Fainali ilikuwa kati ya Boston na Chicago. Kabla ya mechi ya tano wachezaji waligoma kutoka vyumbani kwa sababu mgao wao ulikuwa umepunguzwa. Mechi ikachelewa kama saa nzima, mwisho wakacheza bila kupata walichotaka.

Mwaka 1994 ndio ulikuwa balaa. Wamiliki walitaka kuweka kikomo cha mishahara, wachezaji wakagoma kuanzia 12 Agosti. Fainali ikafutwa kabisa, kitu ambacho hata vita kuu mbili za dunia hazikuweza kufanya. Mgomo ulikuja kuisha mwaka uliofuata baada ya jaji mmoja wa kike wa New York kuwabana wamiliki. Jaji huyo baadaye alipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Msimu wa 1995 nao ukachelewa, ukachezwa mechi 144.

Kwa hiyo mwaka 2020 wamiliki walipoleta wazo la kugawana mapato nusu kwa nusu, wachezaji waliona ni kikomo kilekile cha mishahara kinapitishwa mlango wa nyuma.

Kilichofuata kilikuwa kama kupatana bei Kariakoo. Wamiliki mechi 82, wachezaji 114. Wamiliki 76, wachezaji 89. Wamiliki 72, baadaye 60. Wachezaji 70. Tarehe 10 Juni kamishna wa ligi alisema msimu utakuwepo asilimia 100. Siku tano baadaye akasema hana uhakika! Tarehe 22 Juni viongozi wa wachezaji wakapiga kura, 33 kwa 5, kukataa ofa ya mwisho. Kamishna akatumia mamlaka yake, akapanga mechi 60.

Na virusi havikusubiri mtu asaini. Wakati watu wanabishana, maambukizi yalikuwa yanapanda Florida na Arizona, kule kule kwenye kambi za timu. Msimu ukaanza 23 Julai, na siku hiyohiyo nyota mmoja wa timu ya Washington akakutwa na korona. Ndani ya wiki moja Miami Marlins wakapata wagonjwa wasiopungua 18 kati ya wachezaji wao, wakakaa siku nane bila mechi. Cha ajabu, timu hiyohiyo iliingia hatua ya mtoano.

Lakini walioumia zaidi ni wale ambao majina yao hayakutajwa kwenye vichwa vya habari. Vijana wa ligi za chini walikuwa wanapewa dola 400 kwa wiki, na mamia yao waliachwa. Tarehe 30 Juni msimu wao ukafutwa wote. Wao hawakuwa kwenye chama, kwa hiyo hakuna aliyewapigania mezani. Walikuja kuingia kwenye chama mwaka 2022.

Kama bado unaamini ni korona peke yake, cheki hii. Desemba 2021, mkataba ulipoisha, wamiliki waliwafungia wachezaji nje kwa siku 99, na msimu wa 2022 ukachelewa kuanza kwa wiki moja. Safari hii hakuna aliyesingizia virusi. Ugonjwa ulikuta nyumba ina nyufa tayari, ukazionyesha tu.

Sasa wewe mdau, ungekuwa mchezaji ungeingia uwanjani kwa mshahara uliokatwa mara mbili, au ungekaa nyumbani? Dondosha komenti yako hapo chini.