Kamera Ilichelewa Mweru

Sisi wa Mununga, kando ya ziwa Mweru, tunamjua samaki akishatoka majini: yuko wavuni, kwenye chanja, au ndani ya gunia la chisense, dagaa wetu, linalongoja lori la Ukanda wa Shaba. Akiwa kwake huko chini, sijui nani kati yetu amewahi kumkodolea macho.

Ndiyo maana nilicheka nilipoonyeshwa picha zilizoshinda London mwaka 2021. Ángel Fitor, Mhispania, alipewa tuzo ya mkusanyo wa picha katika Wildlife Photographer of the Year kwa ajili ya samaki wa ziwa Tanganyika. Katika moja, madume wawili wameumana taya kwa taya wakigombea gamba la konokono, na humo ndani jike yuko tayari kutaga. Wiki tatu alivizia ugomvi wa namna hiyo. Kumbe kesi za nyumba na mke ziko hata huko!

Mashindano ya picha za chini ya maji ni ya juzi. Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls, Ufaransa, mwaka 1893, ila vifaa vyake vilikuwa mzigo wa kutisha. Wapiga picha wa ridhaa walipata mwanya Nikonos ilipotoka mwaka 1963, kamera ndogo iingiayo majini bila kasha. Miaka miwili baadaye, mjini Brighton, Phil Smith akatangazwa mpiga picha bora wa mwaka wa chini ya maji.

Wakati huo mpumbu wetu alikuwa ameshamalizwa. Mvua zikianza, samaki huyu alipanda mto Luapula kwa makundi akiwa na mayai tumboni, na nyavu zikamngoja njiani. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, ng'ambo ya Kongo, walipeleka samaki wa mto na ziwa kwa malori hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 msafara ule wa mpumbu kupanda mto ulikuwa umekatika. Babu alisifia mayai ya mpumbu kuliko nyama yoyote. Mimi sijaona hata picha moja ya mpumbu akipanda mto.

Hata kamera ingewahi, Mweru si Tanganyika. Lile, penye kina zaidi, lina karibu mita 1,470. Letu kwa wastani ni la mita chache tu, na upepo ukivuma tope linaamka. Ukiwasha taa ya kamera, kila chembe inang'aa, picha inajaa vidoa vyeupe, na waamuzi wanaitupa. Mamba nao hawaulizi kama umejaza fomu.

Lakini samaki tunayemwita pale, ndugu wa mbali wa wale samaki wa Fitor, yupo hapa hapa. Dume huchimba kiota na kukipigania. Jike hubeba mayai mdomoni. Mimi ningekuwa mwamuzi, picha ya samaki pale akiwa kiotani mwake, vidoa na vyote, ningeipa pointi kabla ya nyangumi yeyote wa maji maangavu.