Kisolo: mbao zilikwenda Ulaya, kanuni zilibaki kwa wazee

MUSUMBA, jimbo la Lualaba – Wasikilizaji wetu wa Kapanga, Kolwezi na Likasi, na ninyi ndugu mliohama na familia zenu, leo hatuna habari ya bei ya kobalti wala ya barabara. Tunazungumza juu ya mchezo, na juu ya mali ambayo mhamaji anaweza kufika nayo hata kama amefika mikono mitupu.

Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani wa hadithi, na kanuni zinaeleza analoweza kufanya na asiloweza. Kanuni hizo ziliandikwa katika vijitabu 3 ndani ya sanduku moja, na mara ya kwanza vilichapwa nakala 1,000 tu. Mwaka 1975 kikatoka kijitabu cha nyongeza, Greyhawk, na vingine vikafuata. Leo kuna watu wanaovitafuta vijitabu hivyo vya zamani kila mahali na kuvilipia pesa nyingi. Wanajua kwamba kitabu cha kanuni kikipotea, mchezo wenyewe nao umepotea.

Je, kwetu kitabu hicho kiko wapi?

Tuchukue kisolo. Waluba, Walulua na Wasongye wanauita hivyo. Zambia wanasema chisolo. Rwanda ni igisoro. Watu wa pwani wanasema bao. Yote ni michezo ya ukoo mmoja: safu 4 za vishimo, safu 2 kwa kila mchezaji, na mbegu zinazogawanywa moja moja kutoka kishimo hadi kishimo. Asiye na ubao anachimba vishimo chini na kuokota mawe.

Lakini ndugu wa ukoo mmoja hawafuati kanuni moja. Bao la pwani lina vishimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 pembeni, na kishimo kimoja kinaitwa nyumba, chenye sheria zake. Katika igisoro kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo. Katika bao na igisoro, kete ulizoteka kwa mwenzako unazipanda upande wako, nazo zinaendelea na mchezo. Katika tsoro ya Zimbabwe kete zilizotekwa zinatolewa, haziingii tena. Ubao unafanana, lakini mmoja ni mchezo wa kuhamisha mali, mwingine ni mchezo wa kuimaliza. Ukiuona ubao mtupu, huwezi kujua ni upi.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Wakusanyaji wa Ulaya walipofika Kongo walipenda vitu vya kubeba. Mwaka 1909 British Museum ya London ilipokea sanamu ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa karne ya 17, ambayo Emil Torday aliitoa Kasai. Mfalme amekaa, na mbele yake kuna ubao wa mchezo. Wakuba wanasimulia kwamba ni yeye aliyewafundisha kuucheza. Mgeni anayesimama mbele ya sanamu hiyo anauona ubao, lakini haambiwi mbegu ya kwanza inaanzia wapi.

Kanuni zilichelewa sana kukusanywa. Mwaka 1977 Philip Townshend alitoa huko Brussels utafiti kuhusu michezo hii ya Zaire, Rwanda na Burundi. Ni kazi kubwa, ila imeandikwa kwa Kifaransa, na mzee anayecheza chini ya mwembe hajawahi kuiona. Tanzania walianza mapema kidogo: wachezaji wenyewe walianzisha Chama cha Bao mwaka 1966, na mashindano yao yanadai kanuni zinazokubaliwa na wote.

Mtu atauliza: kanuni zisizoandikwa zinaweza kudumu? Sisi wa Musumba tunalo jibu. Zamani kila Mwant Yav mpya alijenga musumba wake mahali pengine. Nyumba zilibomoka, watu wakahama, lakini ufalme wa Walunda haukufa, kwa sababu kanuni zake zilitembea na watu. Anayerithi cheo anarithi pia jina na undugu wa yule aliyekishika kwanza. Mahali palibadilika, nafasi za watu zikabaki.

Ila kanuni za namna hiyo zinahitaji watu wakae pamoja. Na historia ya mikoa yetu ya shaba ni historia ya kukusanya watu na kuwatawanya. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, na hata kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1978 vita vikafika Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakangoja treni kwenye stesheni siku nyingi, wengine wakafa wakingoja. Mwaka 2017 wengine walikimbia vita vya Kamwina Nsapu. Na hadi leo Kolwezi kuna familia zinazoondolewa mtaani kwao ili mgodi upanuke. Fidia, ikilipwa, inahesabu matofali na mabati. Hakuna anayehesabu wazee wawili waliokuwa wakicheza kila jioni, ambao sasa kila mmoja amepelekwa upande wake.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Ukiwa na mzee anayejua kisolo, keti naye na daftari au simu ya kurekodi. Muulize vishimo ni vingapi kwa safu, na mbegu ngapi kwa kila kishimo mwanzoni. Muulize mkono unazunguka upande gani, unateka wakati gani, na mbegu zilizotekwa zinakwenda wapi. Muulize mchezo unaisha vipi. Andika maneno yanayosemwa wakati wa kucheza, kwa lugha yake mwenyewe, bila kuyageuza. Andika alijifunza kijiji gani na kwa nani. Jirani akisema kwao ni tofauti, usimsahihishe. Iandike na ya kwake. Hiyo ndiyo nyongeza ya kitabu chetu.

Kama familia yako imekimbia na hutaki jina lake lijulikane, acha jina, leta kanuni. Halafu chimbeni vishimo hapo mlipo, mzee acheze na mtoto mara moja mpaka mwisho. Atakapokosea, mzee atamwambia kwa nini, na hilo nalo liandikwe.