Kabla Uite Teksi ya JKIA, Jua Nani Alichimba Ule Uwanja

Kila mtu Nairobi anamjua mtu aliyeachwa na ndege. Sio ati alilala. Alitoka tao saa tisa, ndege ni ya saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na moja bado alikuwa Bellevue anaangalia matako ya trela. Kutoka katikati ya jiji hadi JKIA hazifiki kilomita 20. Miaka ya jam mbaya, hizo kilomita zilikuwa zinaweza kumeza muda mrefu kuliko ndege yenyewe inavyotumia kufika Mombasa.

Watu wanalaumu magari mengi. Sawa. Lakini hii njia ina historia yake, na ukiifuata kutoka mwanzo unagundua kitu kimoja: kila wakati imejengwa kwa ajili ya anayesafiri, na mgongo uliotumika kuijenga ni wa mtu ambaye hakuwa na tiketi.

Zamani ndege hazikuwa zinatua Embakasi. Zilitua Eastleigh. Ndio, Eastleigh ile ile ya maduka na bei za jioni. Huko kulikuwa na uwanja wa jeshi la anga la Waingereza, na abiria wa kawaida walishukia hapo hapo pamoja na wanajeshi. Elizabeth alitua Eastleigh Februari 1952 akiwa bado binti wa mfalme. Siku chache baadaye baba yake akafariki, akaondoka Kenya akiwa malkia. Barabara kubwa ya kuingia mjini iliitwa Princess Elizabeth Highway, na baada ya uhuru ikawa Uhuru Highway. Uwanja wenyewe uko bado, ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Kutoka Eastleigh hadi tao ilikuwa safari ya dakika chache tu. Nairobi haijawahi kuwa na uwanja mkubwa wa karibu hivyo tena.

Ule mwingine mdogo, Wilson, hauko mbali. Jina limetoka kwa mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege 1929 akiwa na kindege kimoja. Leo huko ndiko watalii wanapandia kwenda Mara, na ndiko miraa hupakiwa kwenda Somalia. Wale madereva wa miraa wanaotoka Meru na zile pickup wakipita kama wamefukuzwa na nyuki, wengi wao wanakimbilia Wilson. Hao jam haiwahusu, ama tuseme wanajifanya haiwahusu.

Sasa Embakasi. Baada ya vita vya pili ndege zilikuwa kubwa na Eastleigh haikutosha. Serikali ya kikoloni ikachagua nyanda za Embakasi, mahali pakavu, tambarare, pana nafasi. Shida ilikuwa udongo. Ule udongo mweusi wa Nairobi ambao ukinyesha unashika kiatu hadi unakivua mguuni, hauwezi kubeba ndege nzito. Lazima uchimbwe uondolewe, halafu pajazwe mawe na muramu.

Nani achimbe? Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, jeshi likazingira Nairobi na kuwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakapelekwa kambini. Waliofungwa kwa makosa ya Mau Mau wakawa ndio mikono ya Embakasi. Jembe, sururu, karai. Walijengewa gereza hapo hapo karibu na kazi, kwa hivyo hakukuwa na habari ya nauli wala kuchelewa. Walipigwa, walichapishwa mbio, wengine walikufia huko.

Hapa ndipo mtu anafaa kutulia kidogo. Kila anayepiga selfie na pasipoti kwa dirisha la ndege, chini yake kuna kazi ya hawa watu. Majina yao hayako mahali popote pale uwanjani. Jina la gavana aliyefungua uwanja 1958 liko, Evelyn Baring, linajulikana, limeandikwa vitabuni. Aliyebeba karai halijulikani. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika kwa mateso ya wakati ule, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hiyo ilikuwa ya mateso ya Mau Mau kwa jumla, sio ya Embakasi pekee, na wengi walikuwa washazeeka ama washazikwa.

Mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa, Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani, mpango wa Tom Mboya. Fikiria hao wazazi waliokuja kusindikiza. Inawezekana kabisa kuna mzee hapo alikuwa na ndugu aliyechimba, na sasa mtoto wa jirani anaruka. (Baba yake Obama hakuwa kwa hiyo ndege, ingawa watu wanapenda kuapa kwamba alikuwa. Alienda mwaka huo huo, lakini kivyake.)

Uwanja huo wa kwanza ulikuwa upande wa Embakasi. 1978 terminali mpya ikafunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, na mwaka huo huo Kenyatta alipofariki uwanja ukapewa jina lake. Geti sasa likatazama Mombasa Road. Hapo ndipo ndoa ya JKIA na trela za Mombasa ilianza, na hakuna aliyewahi kuwaachanisha. Ya mtu wa kawaida ilibaki namba 34, ile ya kupitia Jogoo Road hadi Embakasi. Kwa miaka mingi watalii waliambiwa wasiipande kwa sababu ya wezi wa mifukoni, wapande teksi. Kumbe kwa mama wa usafi na kijana wa kubeba mizigo uwanjani, 34 ndiyo ilikuwa teksi.

Halafu Julai 2015 Obama akaja akiwa rais. Wiki hiyo kaunti ikapanda nyasi kando ya barabara atakayopita, siku chache tu kabla atue. Mitandao ikachemka, nyasi zikapewa jina la gavana wa wakati huo, na jina hilo halijamtoka hadi leo. Siku ya kutua, barabara ilifungwa, tao ikawa kimya kama Krismasi. Wanairobi wakaona kwa mara ya kwanza kwamba JKIA hadi tao kumbe ni karibu hivyo, ukiwa wewe ndiye unafungiwa barabara.

Mwaka huo huo Uber ilianza Nairobi. Madereva wa teksi za zamani, zile za mstari wa manjano, walikasirika na mapema 2016 magari kadhaa yakachomwa.

Sasa tuna Expressway. Kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na kampuni ya Wachina na ikaanza kutumika Mei 2022. Uwanja hadi tao ikawa dakika, sio masaa. Kwa hilo hata wabishi walinyamaza. Lakini ni ya kulipia. Gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lilikuwa 360, na Januari 2024 ikapanda hadi 500. Boda haziruhusiwi. Tuktuk haziruhusiwi. Kutembea usijaribu. Julai 2023, wakati wa maandamano ya gharama ya maisha, kituo cha kulipia cha Mlolongo kilivunjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai, vijana walipanga kuandamana hadi JKIA yenyewe, na ulinzi ukawekwa kila kona ya njia.

Pita Mombasa Road asubuhi saa kumi na mbili, chini kabisa, kwenye kivuli cha zile nguzo. Utaona watu wanatembea mstari mrefu kando ya barabara, wengine kuelekea viwandani, wengine wametoka shifti ya usiku. Baadhi wana ile kamba ya kitambulisho shingoni, ya uwanja wa ndege. Wanarudi Pipeline kulala. Juu yao gari moja linapita mbio, na ndani yake kuna mtu anaangalia saa, ndege ni saa mbili na nusu, atafika.