Kiolezo

Vijana wa kompyuta husema “templeti”, nami huwauliza: kiolezo kimewakosea nini? Kinatoka kwenye oleza, kufanya kitu kwa kufuata mfano. Fundi cherehani anakijua: ile karatasi anayoilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata.

Jekyll, programu iliyotoka 2008, inashona kurasa za tovuti vivyo hivyo. Mwandaaji wa kongamano anaandika faili la maandishi matupu: jina la mzungumzaji, mada, ukumbi, saa 3:30 asubuhi. Kiolezo kinatoa ukurasa wa mzungumzaji, na kingine kinajaza ratiba. Mzungumzaji akichelewa ndege, unasahihisha mstari mmoja, unaiendesha programu upya, kurasa zote zinafuata. Ila ukikosea saa kwenye faili, kosa nalo linaolezwa kila mahali.