Duka la Baba, Depo ya Mwana: Historia ya Pikipiki Masisi na Walikale

Huku Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, pikipiki huuzwa jirani na chumvi, sabuni na misumari. Ukifika Rubaya, Masisi-Centre, Nyabiondo, Mubi au Njingala usitafute jumba la vioo. Tafuta chumba cha mbao na mabati, pikipiki mbili tatu zimesimama nje na nailoni ya kiwandani bado iko kwenye tangi, ndani mtu wa makamo ameinamia daftari. Kijana anayekaza boliti ni mwanawe, au mtoto wa dada yake. Mama anayeuza oili, buji na tyubu ni mkewe, na mara nyingi ndiye anayejua hesabu kuliko wote.

Biashara hii imezaliwa na barabara mbovu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wako wanaohesabu pikipiki zinazopita Sake na kusema nchi inaendelea. Barabara ya kutoka Sake, kupanda Mushaki, kupita Masisi hadi kushuka msitu wa Walikale, ilitengenezwa iwe ya malori. Kila daraja lilipokatika, kila lori aina ya Fuso lilipozama kwenye tope na kulala hapo wiki nzima, pikipiki ilipata mteja mpya.

Mwanzoni hakukuwa na cha kuuza. Walowezi wa Kibelgiji walioshika vilima vya Masisi kwa ng'ombe, pareto na kahawa walikuwa na magari yao. Watu walioletwa kutoka Rwanda kati ya mwaka 1937 na 1955, katika mpango uliojulikana kwa herufi MIB, waliletwa wafanye kazi, na kazini walikwenda kwa miguu. Pikipiki ilikuwa ya padri, ya agronomu, ya mganga wa serikali. Ubelgiji yenyewe ilikuwa na viwanda vyake huko Herstal, kando ya Liège, vya FN, Saroléa na Gillet, kwa hiyo aliyetaka chombo aliandika barua akangoja meli.

Uhuru ulikuja, na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wagiriki, Wahindi na Wareno walioshika biashara ya miji ya mashariki wakaondoka au wakabaki bila kitu. Wengi waliopewa maduka walikuwa na vyeo kuliko mtaji. Wakauza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu ilipokwisha, imekwisha. Vipuri vikapotea. Chombo kikubwa cha watu wa vilimani kikawa chukudu, kile cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani kama pembe, kilichoanza kuonekana miaka hiyo ya 1970. Chukudu haili petroli wala haihitaji buji, na kutoka Mushaki hadi Sake inateremka yenyewe na magunia ya viazi na makala, yaani makaa. Shida yake ni kurudi juu. Goma wameijengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara, na ni haki yake, maana ndiyo iliyowafundisha vijana wa huku kupanga mzigo mzito juu ya magurudumu mawili.

Pikipiki ya kwanza iliyozoeleka kweli vijijini, kwa kadiri ya kumbukumbu za mafundi, ni Yamaha AG100. Iliundwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand, mnyororo wake umefunikwa, ina kibebeo mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili ili isimame hata kwenye mteremko. Ilikuja na maeneo ya afya, na misheni, na baadaye na mashirika ya misaada. Ilibeba chanjo kwenye sanduku la barafu, ikabeba mishahara, ikabeba maaskari waliokuwa "wanaiazima" na kusahau kuirudisha. Haikuuzwa dukani, lakini iliacha kitu kilichokuwa na thamani kuliko yenyewe: vijana waliojua kufungua injini na kuifunga tena bila kubaki na boliti mkononi.

Wakati huo huo, kaskazini, Butembo ilikuwa inajenga ukoo wa wafanyabiashara. Wanande wa mji huo walianza na mboga na maharagwe yaliyopelekwa Kisangani na Kinshasa, na kahawa iliyovuka kwenda Uganda kwa njia ambazo forodha haikuzipenda. Serikali ya Zaire ilipozidi kulegea, wao walizidi kukaza. Pesa ya kahawa ikageuka kontena la bidhaa kutoka Dubai, baadaye kutoka Guangzhou, likishuka Mombasa, likipita Kampala na kuingia Kasindi. Benki hazikuwa na kazi kubwa humo. Mkopo ulitoka kwa mjomba, dhamana ilikuwa jina la baba, na aliyekula mali ya wenzake alijua kwamba hata kanisani hataangaliwa usoni. Duka la pikipiki la Masisi na Walikale limerithi desturi hiyo, hata pale mwenye duka alipokuwa Mhunde, Mnyanga, Mtutsi au Mhutu.

Vita vilikuja vikaikata historia hii vipande. Machi 1993 mapigano yalianzia soko la Ntoto, upande wa Walikale, yakapanda hadi Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimwagika Goma. Mwaka 1996 ikawa vita vya waasi wa AFDL, mwaka 1998 vya waasi wa RCD. Katika miaka hiyo mwenye duka alikuwa na chaguo moja tu: kugeuza mali kuwa kitu kinachoweza kukimbia. Ng'ombe hukimbia polepole. Pikipiki hukimbia.

Halafu yakaja mawe. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda duniani kwa ghafla, na Rubaya, kijiji cha wakulima na wafugaji, kikajaa watu wenye dola mfukoni na udongo kwenye magoti. Muda mfupi baadaye kasiteriti, mawe ya bati, iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Huko hata pikipiki haikuingia: mpagazi alibeba gunia la kilo 50 mgongoni na kutembea siku mbili hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, na Kilambo ni kisa chake chenyewe. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kijerumani Strabag ilijenga barabara ya lami kutoka upande wa Lubutu kuja Walikale, sehemu ya njia iliyokusudiwa kuunganisha Kisangani na Bukavu. Kazi haikumalizika. Kipande cha lami kikabaki msituni, kipana na kilichonyooka, na marubani wakakifanya uwanja. Ndege ndogo zilitua barabarani, zikapakia tani mbili za mawe kwenda Goma, na zilipokuja zilileta bia, mchele, mabati na chochote kilichoweza kuingia tumboni mwa ndege. Magari na pikipiki zilisogea pembeni zikisikia mngurumo.

Pesa hiyo ilikutana na chombo kilichokuwa kinatengenezwa mbali. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ya Japani iliunda CG125, injini rahisi na ngumu kwa ajili ya watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Viwanda vya China vikainakili kwa mamilioni, kila kimoja kikabandika jina lake. Kutoka India zikaja Boxer za Bajaj, na TVS. Nawapa wenye maduka wa Mubi jambo la kujivunia: hata huko chanzoni biashara ni ya koo. Bajaj ya Pune ni mali ya jamaa ya Jamnalal Bajaj, aliyeweka msingi wa kundi la kampuni zake mwaka 1926. TVS ni herufi za T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanza na mabasi Madurai mwaka 1911. Kwa hiyo pikipiki moja hupita mikononi mwa baba na wana wa India, ikapokelewa na baba na wana wa Butembo au Goma, ikamalizikia kwa baba na wana wa Walikale.

Duka lenyewe linaendeshwa hivi. Baba huchukua pikipiki tano au kumi kwa tajiri wa jumla, nusu kwa pesa taslimu na nusu kwa neno. Nyingine huja kwenye makasha zikiwa vipande, na mafundi wa nyumbani huziunga. Hapo hapo huzibadilisha ziwe za huku: gurudumu la meno la nyuma linawekwa kubwa zaidi ili ipande mlima, springi zinaongezwa nguvu, kibebeo cha chuma kinachomelewa nyuma. Mnunuzi akija anauliza swali moja.

"Papa, hii itapanda Mushaki na watu tatu?"

"Itapanda, na mifuko mbili ya makala juu."

Bei inazidi dola 1,000, na vijana wachache sana wanazo. Ndipo inapoingia vesema. Kijana anakabidhiwa pikipiki, anakuwa motari, na kila jioni au kila Jumamosi analeta kiasi walichopatana. Kuna maduka ambayo vesema haimfanyi kamwe kuwa mwenye chombo, anamfanyia tajiri kazi tu. Kuna mengine ambayo baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yake. Tofauti kati ya haya mawili ndiyo tofauti kati ya mfanyabiashara na mnyonyaji, na kila kijiji kinajua nani ni nani. Lakini faida ya kweli haiko kwenye pikipiki. Iko kwenye mnyororo, tairi, tyubu, klachi, oili. Pikipiki inauzwa mara moja. Njia ya Nyabiondo inaiuza tena kidogo kidogo kila mwezi. Ndiyo maana nasema mama wa oili anajua hesabu. Kando ya duka wanakaa wakadafi na petroli kwenye chupa na bidoni, na bei yao ndiyo gazeti la asubuhi: ikipanda, njia imefungwa mahali fulani.

Motari wa huku amebeba kila kitu: maziwa na jibini za Masisi, kreti za bia ya Primus, mbuzi, jeneza, mwanafunzi wa mtihani wa taifa, mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa katikati ya dereva na shangazi yake. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza kuisaidia hospitali ya Masisi mwaka 2007, nao wamelazimika kupanda pikipiki pale magari yao yaliposhindwa.

Na kila safari inalipiwa njiani. Uchunguzi wa shirika la Kibelgiji IPIS uliotoka mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, vya jeshi, vya polisi, vya makundi yenye silaha, vya watoza kodi wa mtaa. Yako makundi yaliyotoza kila nyumba kwa mwezi na kuiita kodi hiyo lala salama, na yako yaliyouza jetoni ambayo bila hiyo hupiti. Mwenye duka huweka gharama hizo ndani ya bei, mnunuzi huziweka ndani ya nauli, na abiria ndiye anayezimaliza.

Pigo lililoumiza maduka bila risasi lilikuja Septemba 2010, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Mchimbaji bila mawe ni abiria bila nauli, na motari bila abiria hana vesema. Pikipiki zilirudi madukani zimechakaa, deni likabaki kwenye daftari. Baadaye Bisie ikachukuliwa na mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, uliofunguliwa mwaka 2019, na barabara ikafika mahali palipokuwa pa wapagazi.

Sasa njia za mali. Juni 2022 kundi la waasi la M23 liliteka Bunagana, mlango wa Uganda. Aprili 2024 likachukua Rubaya. Juni mwaka huo Kanyabayonga, kwenye njia ya mzigo wa Butembo kwenda Goma, ikaanguka. Januari 2025 zikafuata Masisi-Centre, Sake na Goma yenyewe. Benki za Goma zilifunga milango, na biashara iliyozoea kuishi bila benki ikajikuta haina hata pa kuvunjia dola. Tarehe 19 Machi 2025 M23 iliingia Walikale-Centre. Alphamin ilikuwa imeshasimamisha kazi siku chache kabla. Mwanzoni mwa Aprili waasi walirudi nyuma na mgodi ukaanza tena.

Tangu hapo ukoo wenye duka Masisi na depo Walikale una njia mbili zisizokutana. Upande wa Masisi mali huja kupitia Rwanda au Uganda, chini ya watawala wa Goma na kodi zao. Upande wa Walikale hutazama Lubutu na Kisangani, na kile kipande cha lami cha Strabag kimepata tena kazi kiliyojengewa. Kaka hawezi kumtumia mdogo wake tairi. Madeni yanapatanishwa kwa simu, pale mtandao unapokuwepo: klachi aliyochukua shemeji Mubi inafutwa kwa ada ya shule ya mpwa aliyekimbilia Goma, kila mmoja akiandika kwenye daftari lake.