Gari kuukuu na hesabu ya mafuta

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita asubuhi niliitwa uani kwa jirani yangu, hapa hapa Msasani, nikawe shahidi. Mzee huyu ni mstaafu, na mali yake kubwa baada ya nyumba ni Toyota Corolla ya mwaka 1989, ya kabureta, iliyokwisha kupakwa rangi mara tatu. Boneti lilikuwa wazi chini ya mwarobaini. Fundi, kijana wa umri wa mjukuu wake, alikuwa amefungua mdomo wa bomba la maji kwenye injini, ameshika kidude cha shaba kwa vidole viwili kama mganga aliyeng'oa jino.

"Hiki ndicho kinachochemsha injini, mzee. Injini ikichemka inakunywa. Tunakitupa, feni tunaifunga moja kwa moja izunguke muda wote, na jeti tunaibana kidogo. Utaona mwenyewe."

Mzee akanigeukia. "Bwana, wewe husoma sana. Kitupwe au kirudishwe?"

Swali dogo, lakini katika jiji hili lina umri wa miaka hamsini na zaidi, na ndilo nitakalo tulizungumze leo.

Tuanze mwaka 1973. Nadhani kabla ya hapo, ukimwondoa dereva wa teksi, watu wachache mjini walijishughulisha kujua gari lao linakwenda maili ngapi kwa galoni moja. Oktoba ya mwaka ule vikazuka vita kati ya Waarabu na Israeli, na pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa kwa dola tatu hivi likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Sisi tulikuwa na kiwanda chetu cha TIPER pale Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966, tukikiona kikiwaka taa ng'ambo ya bandari. Lakini kiwanda cha kusafisha mafuta si kisima. Mafuta ghafi yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka katika katani, pamba na kahawa. Na kwa bahati mbaya kubwa, miaka hiyo hiyo ukame ulitulazimisha kununua nafaka kutoka nje. Kila galoni iliyochomwa barabarani ilikuwa ikigombana na gunia la mahindi.

Mwaka huo huo wa 1974, gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, pwani ya Kilwa. Naomba uiweke pembeni habari hiyo, tutairudia.

Haukupita muda mrefu tukapata pigo la pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Idi Amin akavamia Kagera mwishoni mwa 1978, na magari na mafuta ya nchi yakaelekezwa vitani hadi 1979. Mwaka huo mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya pipa tena, ikapita dola 30. Wakongwe wenzangu mnaikumbuka ile amri: magari ya watu binafsi yasionekane barabarani siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi Jumatatu alfajiri, isipokuwa kwa kibali. Harusi za Jumapili zikawa zinamalizwa mbio mbio kama mazishi ya wakati wa mvua. Bwana harusi akiangalia saa, hatujui kama anamwazia bibi harusi au trafiki wa Salenda.

Hapo ndipo gereji za uani zilipopata heshima yake. Vipuri havikuwepo madukani, na petroli ilipatikana kwa foleni. Basi mwenye Volkswagen, Peugeot 404 au Datsun alikwenda kwa fundi Kinondoni, Temeke au Ilala na ombi moja tu: nibanie mafuta.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana ilikuwa na ustadi. Ndani ya kabureta mna kijisumari cha shaba chenye tundu jembamba katikati. Hiyo ndiyo jeti. Petroli yote unayoichoma ukiwa njiani hupita hapo, na upana wa tundu hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Asiye na jeti ndogo dukani huiziba ile kubwa kwa risasi ya kulehemu, kisha hulitoboa tundu upya kwa waya mwembamba, akilipima kwa jicho na kwa sauti ya injini. Hakuna mtambo, hakuna kipimo. Fundi husikiliza ekzosi, huangalia rangi ya plagi: nyeusi ni mafuta mengi, kahawia ni sawasawa, nyeupe ni hatari.

Je, ilisaidia? Hapa nataka niseme ukweli bila kumwonea mtu. Kabureta iliyochakaa, ambayo tundu lake limepanuka kwa miaka na sindano yake haifungi, ilikuwa ikimwaga petroli ovyo. Fundi aliyeirudisha katika kipimo chake aliokoa mafuta halisi. Lakini aliyeshuka chini ya kipimo alimkopesha mwenye gari fedha kwa riba. Injini yenye hewa nyingi na mafuta kidogo huwaka kwa joto kali, hugonga ikipanda mlima, na baada ya muda huunguza valvu za kutolea moshi. Tena gari lililonyimwa nguvu humfanya dereva akanyage zaidi na kukaa gia ya tatu pale alipokuwa akienda na ya nne. Akiba ya Januari inalipa valvu za Agosti, na valvu zenyewe wakati ule zilikuwa za kutafutwa kama dawa.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Land Rover za petroli zilivuliwa injini zao zikavalishwa za dizeli, na kazi hiyo, ikifanywa vizuri, ilikuwa akiba ya kweli, kwa sababu dizeli kwa asili yake hutoa mwendo mrefu kwa lita. Madereva wa malori nao walikuwa na dawa yao: kwenye mteremko unatoa gia, wengine wakizima na injini kabisa, gari linakwenda kwa uzito wake. Mlima Kitonga una kumbukumbu za dawa hiyo, na si nzuri. Injini ikizimwa, breki zinapoteza msaada wake, na kilichobaki ni mguu wa dereva na dua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba magari ya sasa yenye kompyuta hukata petroli kabisa unapoteremka ukiwa ndani ya gia. Ukitoa gia, injini inaanza kunywa ili isizimike. Yaani dawa ya zamani leo ndiyo ugonjwa.

Hatukuwa peke yetu katika kuhangaika. Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walifunga mapipa ya kuchomea kuni na mkaa nyuma ya magari yao, injini ikala gesi ya moshi. Jirani zetu wa Kenya katika miaka ya 1980 walichanganya petroli na spiriti ya miwa iliyotengenezwa Muhoroni. Sisi, gesi ya Songo Songo ikiwa imelala chini pale pale, tuliendelea kutoboa jeti kwa waya.

Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 1983 daladala ziliruhusiwa rasmi, na bajeti ya 1984 ikawaachia watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katika miaka ya 1990 yakaingia magari ya mitumba kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai. Kabureta ikaanza kutoweka. Mahali pake pakakaa kompyuta inayopima joto la maji, hewa inayoingia na moshi unaotoka, ikaamua yenyewe mafuta ya kila mzunguko. Fundi wetu aliyekuwa mfalme kwa sikio na jicho akabaki na bisibisi mkononi, hana pa kuingiza.

Alichobakiwa nacho ni thamostati.

Kidude hiki ni mlango tu. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata joto upesi. Ikifika nyuzi 80 na kitu, nta iliyomo ndani yake inatanuka, mlango unafunguka. Ni kweli kwamba kikifia katika hali ya kufungwa injini huchemka, na hapo ndipo sifa mbaya ilipotoka. Mafundi wa nchi ya joto wakahitimisha kwamba nchi yetu haikihitaji. Lakini injini haijui kama iko Msasani au Moscow. Inataka joto lake. Bila thamostati, na feni ikizunguka kutwa nzima, maji yanabaki vuguvugu. Oili inabaki nzito, vyuma vinasagana, petroli haigeuki mvuke vizuri. Na katika gari la kompyuta mambo ni mabaya zaidi: kompyuta inaona injini ni baridi, inaongeza mafuta, kutoka Mwenge hadi Posta. Mwenye gari analalamika linakunywa, anarudi kwa yule yule aliyelitia kiu.

Kuna pia wauza sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia kwenye tangi. Wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia mazingira umekwisha kupima zaidi ya vifaa mia vya namna hiyo. Vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno, na faida yenyewe ni kidogo.

Sasa turudi kwenye gesi tuliyoiweka pembeni. Iligunduliwa 1974, ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, miaka 30 baadaye, kwanza kwa ajili ya kufua umeme na kuendesha viwanda. Kituo cha kujazia magari kikafunguliwa Ubungo, na kwa miaka mingi vituo vya jiji zima vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Watu hawakujali sana. Ilipofika Agosti 2022 na EWURA ikatangaza petroli ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 3,400 kwa lita, ndipo tulipokumbuka kwamba tuna gesi. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na karakana nyingine zikafurika, na foleni za bajaji na teksi vituoni zikarudisha sura ya miaka ile.

Jirani yangu naye alikuwa na siri. Fundi alikuwa amemwahidi kwamba jeti ikishindwa, yuko mtu wa kumfungia gesi hapo hapo uani, kwa nusu ya bei ya karakana. Tukakaa barazani tukapiga hesabu.

Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Tuchukue petroli shilingi 3,000 na gesi shilingi 1,550. Dereva wa teksi anayechoma lita 10 kwa siku anatumia 30,000. Kwa gesi ni kilo 7 hivi, yaani kama 11,000. Anaokoa 19,000 kila siku. Mtambo wa shilingi 1,900,000 umejilipa kwa siku 100. Lakini mzee wangu huenda sokoni, msikitini, na kwa binti yake Mwananyamala. Lita moja na nusu kwa siku. Anaokoa chini ya 3,000, na mtambo ule ule utamchukua karibu miaka miwili kabla hajaonja faida, bila kuhesabu muda wa foleni.

Na bei ya nusu? Nikamwuliza fundi mtungi unatoka wapi. Akasema upo. Upo wapi, haukuelezeka. Ndugu msikilizaji, tairi la gari hubeba mgandamizo wa bar mbili hivi. Mtungi wa gesi ya magari hujazwa hadi bar 200, na unakaa nyuma ya kiti wanachokalia wajukuu. Mtungi wa namna hiyo una tarehe ya kupimwa iliyogongwa juu yake, na valvu na mabomba yake si ya kuokota. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa kazi hii hata chembe. Jeti ikibanwa vibaya inaunguza valvu. Hili jingine haliunguzi valvu peke yake.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia fundi arudishe thamostati, na feni iachwe kama ilivyotoka Japani.

Basi tukalitazama gari lenyewe. Matairi manne yalikuwa na upepo 20 badala ya 30. Ea klina ilikuwa na vumbi la barabara ya Bonde la Mpunga kiasi cha kuoteshea mchicha. Tulipolinyanyua gari kwa jeki na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, halikuzunguka: breki ilikuwa imeng'ang'ania, sijui tangu lini. Kijana aliifungua, akaisafisha, akairekebisha kwa mikono hodari kweli kweli, kazi ya saa moja na nusu, na akalipwa ujira wake wote. Gurudumu likazunguka lenyewe, mzee akilitazama kama mtoto.

Jumatatu alikwenda Ubungo kwa daladala, kuitazama foleni ya gesi kwanza.