Pazia la Risasi

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa mashine ya sarafu uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Mchezaji alikuwa na kimzinga kimoja chini ya kioo, na maadui wakimshukia safu kwa safu. Kila walipopungua, waliobaki walizidisha mwendo. Jambo hilo halikuwa limekusudiwa: mashine ilielemewa na wingi wa picha, na kila picha zilipopungua ikapata wepesi. Nishikado aliona kuwa udhaifu huo unaunogesha mchezo, akauacha.

Michezo ya kupiga risasi iliyofuata ilitafuta ugumu katika kasi. Risasi zilikuwa chache lakini za haraka, nazo zilimlenga mchezaji. Kisha mwaka 1991 Capcom ikatoa Street Fighter II, na vijana wa kumbi za michezo wakahamia kwenye ngumi na mateke. Toaplan, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na kujipatia sifa kwa michezo ya ndege, ilifilisika mwaka 1994. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetoa Batsugun, na humo ndimo wengi wanamouona mwanzo wa mtindo mpya. Tsuneki Ikeda, mmoja wa waliotoka Toaplan, aliuendeleza katika kampuni ya Cave kwa DonPachi ya 1995 na DoDonPachi ya 1997.

Wajapani huuita mtindo huu danmaku, yaani pazia la risasi, neno lililokuwa la kijeshi kabla ya kuwa la mchezo. Mamia ya risasi hukijaza kioo, na anayetazama kwa mbali hudhani hapana pa kupenya. Lakini aghalabu risasi hizo huenda polepole, na chombo cha mchezaji hakifi kwa kuguswa popote. Sehemu inayodhurika ni nukta ndogo tu iliyo katikati yake, hata bawa laweza kupitiwa na risasi bila ya madhara. Tena risasi hazimwagwi ovyo. Hutoka kwa mafungu yenye vipimo, mengi yakijirudia vilevile kila mara, na aliyekwisha kuyahifadhi huyapitia kama msomaji wa shairi anayejua kina kitaangukia wapi. Hofu haimtoki, ila huwa imepata mizani. Utamu wa mchezo umo humo, wala si katika kuua. Maana katika danmaku kulenga si kazi kubwa, na macho yote humwelekea yule anayekwepa.

Mashine nazo zilichangia. Risasi zilipozidi, kioo kilipungua mwendo, na wachezaji wakajifunza kuitumia nafasi hiyo kupumua. Udhaifu kama ule wa 1978 ulikuwa umerudi, safari hii ukienda kinyumenyume.

Biashara yake, hata hivyo, ilikuwa na kitendawili. Fahari ya bingwa ni kumaliza mchezo mzima kwa sarafu moja. Mteja aupendaye mchezo kuliko wote, anayerudi kila siku na kuhifadhi kila fungu la risasi, ndiye anayeishika mashine muda mrefu kwa malipo madogo. Mwenye ukumbi alikuwa na sababu ya kupendelea ngumi, ambapo wawili hupambana na mmoja lazima ashindwe na alipe tena.

Pazia la risasi likapata makao mengine. ZUN, mtu mmoja aliyeandika programu, akachora na kutunga muziki peke yake, alitoa mwaka 2002 mchezo wa Touhou uitwao The Embodiment of Scarlet Devil, ukauzwa Comiket, soko la Tokyo la kazi za wapenzi wenyewe. Humo kila shambulio kubwa lilipewa jina, nalo huandikwa kiooni kabla ya risasi kuanza kumiminika, kana kwamba mpinzani anatangaza anwani ya utungo wake. Mwaka uliofuata, katika Perfect Cherry Blossom, mzuka Yuyuko akarusha risasi zenye umbo la vipepeo.